Kitabu Nilichomsomea Dada Yangu

Siku nyingi zimeshanitoka kichwani, mwanangu Shamsa, lakini moja nnaikumbuka mpaka harufu ya kahawa yake. Ni siku niliyokaa sebuleni kwa dada yangu Rahma, bibi yako mzaa mama, kule Hail, Maskati, nikamsomea kitabu changu mwenyewe kwa Kiswahili. Yeye Kiingereza hakukijua. Mimi nilikiandika kwa Kiingereza, na kwa muda mrefu nilidhani hilo litatosha kunificha.

Mama yako ndiye aliyeniruhusu nikuhadithie. Nilimwomba juzi, mimi khalti yake, mama yake mdogo, akasema, "Mwambie, khalti. Mwambie yote, usipunguze wala usiongeze." Kwa hiyo kaa, weka simu yako pembeni, unisikilize.

Wewe umenikuta mimi mzee wa chumba cha nyuma hapa Mabela, macho hayaoni vizuri, nnaulizwa kama nimekunywa dawa. Ila kule Kanada niliishi miaka zaidi ya arubaini. Nilikwenda msichana, kusoma, nikaolewa huko na mtu mwema ambaye Mungu hakutupa naye mtoto, na kazi yangu ilikuwa ukalimani mahakamani. Akiletwa mtu wa Kiswahili au wa Kiarabu mbele ya hakimu, mimi nasimama ubavuni pake. Anachosema nakigeuza Kiingereza, anachoulizwa nakigeuza Kiswahili. Nilikula kiapo kwamba sitoruka neno, hata liwe tusi, hata liwe neno la kumfunga mtu maisha. Nikasikia mengi mule. Mtu kamuua nduguye kwa ajili ya ukuta. Mwanamke kalia kizimbani kwa sauti ndogo kabisa, kama anayeimba. Nikirudi nyumbani yalikuwa hayaniachi, nikaanza kuyaandika asubuhi kabla ya kwenda kazini, mezani jikoni, theluji imeziba dirisha.

Nikabuni mpelelezi wa hadithi zangu, polisi mstaafu anayefuga njiwa, nikampa kesi ya kwanza. Wachapishaji wakaikataa. Nikampa ya pili, wakaikataa pia. Mwisho mhariri mmoja, mama wa kizungu mwenye nywele nyeupe, aliniita ofisini kwake akaniambia, "Unaandika vizuri, lakini watu wako wote ni wa karatasi. Hivi huna mtu mmoja unayemjua kweli?"

Nilitoka pale nimeudhika. Niliudhika kwa sababu nilikuwa naye.

Sasa nirudi nyuma kidogo. Dada Rahma aliolewa na Bwana Seif, babu yako, Mungu amrehemu, na hapa nasema kwa idhini ya mama yako. Bwana Seif alikuwa mtu wa hasira. Siku nyingi ilikuwa kikombe ukutani, mlango kubamizwa, na siku nyengine mkono ulimfikia dada. Mama yako alipokuwa na miaka sita, babu yako akafa ghafla. Moyo, daktari alisema. Mimi sikuweza kuja. Dada alipotoka eda akanipigia simu Kanada. Simu siku hizo haikuwa mchezo, ulisikia sauti yako mwenyewe inakurudia. Akaniambia jambo ambalo hakumwambia mtu mwengine.

"Zuwena," alisema, "nilikuwa nakanda unga wa mikate ya kusukuma. Yeye yuko bafuni. Tumetoka kugombana. Nikasikia kishindo. Nikasema moyoni, keshaanza kuvunja vitu. Sikwenda. Nilimaliza unga wangu, nikakata madonge, nikafunika kitambaa, nikanawa mikono. Ndipo nikaenda. Nikamkuta yuko chini." Kisha akaniuliza, "Ningekwenda palepale, angeishi?"

Nikamwambia, "Dada, hukujua. Huna kosa." Nilisema kwa dhati, wallahi. Lakini nilipoweka simu chini niliangalia mkono wangu wa kulia, nikaukuta umeshika kalamu. Juu ya bahasha ya barua nilikuwa nimeandika: *Nilimaliza unga wangu.*

Bahasha ile ilikaa kwenye droo miaka. Siku niliyotoka kwa yule mhariri niliifungua droo.

Nikamwandika mwanamke jikoni. Nikampa mikono ya dada, na ile alama ya mafuta ya moto kwenye kifundo cha mkono. Nikampa namna yake ya kuguna wimbo akikanda, na kikombe cha bati cha maji kilichokaa kulia kwake siku zote. Mume wake nikamfanya mtu wa hasira. Jiko nikalihamishia Kanada, jina nikalibadilisha, nikajiona nimemsitiri. Kisha nikaona hadithi imekaa tu, haina kosa la kupelelezwa. Mwanamke aliyesikia kishindo akadhani kimevunjika kikombe, huyo si kesi. Basi nikaongeza. Nikaandika kwamba mume alimwita jina lake mara tatu. Nikaandika kwamba mwanamke alikwenda akageuza ufunguo wa mlango kwa nje, akarudi kwenye unga wake.

Mistari minne, Shamsa. Niliiandika asubuhi moja kabla chai haijapoa.

Mhariri alilia alipoisoma. Kitabu kikatoka, kikapendwa. Magazeti yakaniita mwandishi wa Kanada, nami nikaona fahari, msichana niliyetoka Unguja na Maskati, kuitwa mwandishi wa watu wale. Nikawa nnaalikwa maktaba za miji midogo, ukumbi umejaa wazee wamevaa masweta, wananyamaza nikisoma sura ya jikoni. Mwanamke mmoja aliinua mkono akauliza, "Hadithi hii umeitoa wapi?"

"Kichwani mwangu," nikajibu.

Nilikuwa na miaka thelathini na nane. Utasema hiyo si utoto. Ila katika kazi ile nilikuwa mtoto, tena mtoto aliyesifiwa mapema. Nikaandika vitabu vyengine, mpelelezi wangu akazeeka pamoja nami, nikapewa tuzo na kualikwa huku na kule. Na dada, kila nikimpigia, alikuwa akiniambia, "Nasikia umekuwa mtu mkubwa, Mungu akuzidishie." Nami nilikuwa naitikia amin.

Mama yako Asya akakua, akapata nafasi ya kusoma Uingereza. Alikuwa na miaka ishirini. Akiwa maktaba chuoni akaliona jina la khalti yake kwenye mgongo wa kitabu. Alifurahi, masikini. Alikichukua akakaa nacho kitako, hakuinuka. Alifika jikoni. Akamwona mama yake: alama ya kifundo, kikombe cha bati, wimbo wa kuguna. Na kwa kuwa yote yale yalikuwa kweli, akaamini na yaliyofuata.

Akampigia simu mama yake. Hakusalimia. Alisema, "Mama, baba alikuita mara ngapi?"

Dada hakuelewa. "Aliniita lini?"

"Siku aliyokufa. Alikuita mara ngapi? Na ufunguo uliuweka wapi?"

Dada akamwambia hapana, hakuitwa, hapakuwa na ufunguo. Kisha, kwa kuwa hakuwa mtu wa kuficha, akamwambia ukweli wake: kwamba alisikia kishindo, na hakwenda mara moja. Lo! Hapo ndipo alipojiharibia. Mtoto akishauliza swali kama lile, kila jibu linasikika kama la mtu aliyekamatwa. Asya akasema, "Kwa hiyo ni kweli alivyoandika khalti kitabuni," akakata simu.

Kwa miezi hakumpigia tena. Dada akanitumia neno moja kwa mdomo wa jamaa aliyekuwa akisafiri: "Njoo." Nikapanda ndege.

Nilimkuta Hail, kajifunga kanga, katandika mkeka, kaweka kahawa na tende kama anayepokea mgeni. Akanimiminia. Kisha akatoa kitabu changu chini ya mto. Sijui alikipata wapi. Akaniwekea mapajani.

"Nisomee," akasema.

"Dada..."

"Kazi yako si kuwafasiria watu? Nifasirie na mimi. Anza pale jikoni."

Nikasoma. Nilikuwa natazama Kiingereza, natoa Kiswahili, kama mahakamani. Alipojisikia mikono yake alitabasamu kidogo, nisikufiche. Alipojisikia wimbo wake alisema polepole, "Umeukumbuka." Nikaendelea. Nikaufikia ule ukurasa. Nikaona mistari yangu minne inakuja, nikataka kuiruka. Nani angejua? Lakini aliniona nimesita.

"Usiruke," akasema.

Nikasoma: akamwita mara ya kwanza, akamwita mara ya pili, akamwita mara ya tatu. Akageuza ufunguo. Akarudi kwenye unga.

Kiyoyozi kilikuwa kikinguruma. Dada alikuwa anatazama viganja vyake. Nilimngojea anipige, nilimngojea anitukane, ningeshukuru. Akasema kwa sauti ya kawaida tu, "Mimi nilikwambia jambo lile kwa sababu lilikuwa zito, nikataka mtu wa kulishika upande wa pili. Wewe ukalichukua lote, ukaliongeza uzito, ukamtwisha mwanangu."

"Ni hadithi, dada. Watu wanajua ni hadithi."

"Watu nani? Mwanangu ni mmoja. Hajui."

Nikalia. Yeye hakulia. Akasema, "Nimemwambia si kweli, haniamini, na mimi simlaumu. Lakini wewe nilikwambia siku ile kabla hajaniuliza mtu, kabla sijatuhumiwa. Wewe ndiye shahidi wangu. Nenda Uingereza kwake. Mwambie lipi langu na lipi lako. Sitaki jengine."

Hapo, mwanangu, ndipo palipo kosa langu kubwa. La kitabu lilikuwa kosa la kiburi na ujinga. Hili lilikuwa la woga. Juma lile nilikuwa nnatakiwa Kanada kwenye sherehe ya tuzo. Nikamwambia dada, "Nikitoka huko nitapitia kwake. Au nitamwandikia barua, mimi barua naweza." Dada akanitazama. "Haya," akasema. Akaniondolea finjani, nikajua hata kahawa imekwisha.

Barua ile niliianza mara nyingi. Mimi niliyeandika vitabu vya kurasa mia tatu nilishindwa kurasa mbili. Nikiandika "mama yako hakuitwa", nilipaswa kuandika na "mimi ndiye niliyemwita". Mbele ya ukumbi mzima niliweza kusema hadithi imetoka kichwani mwangu, na ile mistari minne pekee iliyotoka kichwani mwangu kweli, nilishindwa kuikiri kwa mtoto. Nikawa najiambia, atakapokuja Maskati likizo. Nikawa najiambia, atakapoolewa atalainika. Akarudi, akapata kazi, akaolewa na baba yako, wakahamia hapa Mabela. Alikuwa akienda kwa mama yake siku za Idi. Anakaa ukingoni mwa kiti, ana haraka, akiwekewa mkate haugusi. Dada alinieleza hilo kwenye simu mara moja tu, bila kunilaumu: "Wanawe nitawaona wakipelekwa skuli, nikipita kwa gari."

Ilikwenda miaka saba.

Kisha dada akapata maradhi ya figo, yakamwendesha mbio. Nilipofika, walikuwa wameshamzika siku mbili. Asya alifika hospitali, lakini mama yake alikuwa hasemi tena. Alimshika mkono tu. Hakujua kama alimsikia.

Siku za msiba nyumba ilijaa wanawake, wengine wanasoma, wengine wanapika. Nilimwita Asya chumbani kwa dada, nikafunga mlango. Nikamwambia yote. Simu ile baada ya eda. Maneno ya mama yake kama yalivyokuwa. Mistari minne yangu. Nikamwambia, "Hakuitwa, Asya. Hapakuwa na ufunguo. Mlango wa bafu lile haukuwa hata na kitasa."

Alikuwa kasimama karibu na kabati. Hakupiga kelele. Aliniuliza, "Ulilijua hili lini? Kwamba mimi nimeamini?"

"Tangu mwaka ule uliosoma."

Akahesabu kimoyomoyo, niliona midomo yake inacheza. "Ungekuja siku ile, khalti," akasema, "ningekuwa na mama miaka saba."

Akafungua mlango akatoka. Wanawake wakadhani analia kwa sababu ya msiba.

Nikarudi Kanada. Nilijaribu kitabu chengine, kila nikimweka mtu jikoni mkono unakataa. Nikawaambia wachapishaji wasikichape tena kile cha kwanza, wakakubali, lakini vilivyokwishauzwa viko mikononi mwa watu, na huwezi kupita nyumba kwa nyumba kuviomba. Mume wangu akafariki. Macho yakaanza kuniacha. Magazeti yaliandika kwamba mwandishi wa Kanada amepumzika. Hawakujua la kuandika zaidi, wala mimi sikuwasaidia.

Siku moja mchana simu ikalia. Ilikuwa sauti ya Asya, baada ya miaka. "Khalti, nimesikia huoni vizuri na uko peke yako. Chumba cha nyuma kiko wazi. Njoo." Nikataka kusema kitu. Akanikata, "Usiseme. Njoo tu." Wewe ulikuwa skuli ya msingi. Ulinipokea uwanja wa ndege na puto.

Miaka ya mwanzo hatukuligusa lile jambo. Alinipikia, alinipeleka kwa daktari, alinifungulia redio. Mkate wa kusukuma haujawahi kupikwa nyumba hii, hujaliona hilo? Unanunuliwa.

Kisha mwaka jana alinichukua Qurum, tukanywe chai hoteli moja ya pwani, nipate hewa. Pale ukumbini pana rafu ambayo wageni huacha vitabu walivyomaliza. Asya alikuwa anapitisha macho. Nikamwona amesimama. Hata kwa macho yangu haya nililitambua lile jalada. Kitabu kimeliwa na jua, kina alama za mafuta ya wazungu wa ufukweni.

Akakitoa. Akaja nacho mezani, akakaa, akakifungua. Hakuwa na haja ya kutafuta, ukurasa aliujua. Alisoma akiwa kimya, chai yake ikapoa. Nami nilikuwa nimekaa mbele yake kama wale niliokuwa nnawakalimia kizimbani.

Mwisho akasema, "Mikono yake hii ni yenyewe kabisa."

Nikasogeza kiti changu karibu.

"Sina picha yake akikanda," akasema. "Picha zake zote amekaa, kavaa nguo za harusi za watu. Yule mama niliyekuwa nikimwangalia nikiwa mdogo, nimesimama mlangoni, hayuko mahali popote ila humu." Akapitisha kidole juu ya mistari. "Ndiyo maana niliamini, khalti. Ungeandika ovyo, nisingeamini."

Kisha akaniomba kalamu. Akaikata ile mistari minne, mmoja mmoja, taratibu, mpaka karatasi ikatoboka. Akamwuliza kijana wa mapokezi kama anaweza kukichukua kitabu, akaambiwa chukua. Ndicho kile kilichofungwa kanga kabatini kwake, ambacho hukuruhusiwa kukigusa. Tulipofika nyumbani ndipo akasema, "Sijui kama nimekusamehe. Lakini nnakupenda." Nami nikaona nimepewa zaidi ya ninachostahili.

Sasa wewe, mwanangu. Juzi umekuja unarukaruka, hadithi yako imekubaliwa kuchapwa. Nikakuomba unisomee, ukanisomea. Ni nzuri. Nilipokuuliza yule msichana ni nani, ukasema, "Rafiki yangu wa chuo, bibi, ila nimebadilisha jina." Na yale ya baba yake? Ukacheka ukasema, "Hayo mengine nimeyatia chumvi."

Sijalala vizuri tangu hapo.

Sikukatazi kuandika. Nani mimi nikukataze, na mkono wako una uhai. Lakini kesho nenda kwa rafiki yako kabla hadithi haijakwenda popote. Usimtumie kwenye simu. Nenda, kaa naye, msomee kwa sauti yako, na ufikapo pale ulipoongeza usiruke. Mtazame uso. Akikwambia sitaki, ikunje uiweke, utapata nyengine, kichwa chako bado kichanga. Ukimgeuza mtu, mgeuze kweli mpaka hata mamake asimtambue. Usichukue mikono ya mtu ukaifungia mlango ambao hakuufunga. Na ikiwa siku moja utamkosea mtu kwa kalamu, maana utakosea, usimwandikie barua. Inuka siku hiyohiyo uende kwa miguu yako, uso wako utazame wake, useme: hili lako, hili langu. Tuzo itangojea. Na isipongojea, iache iende.

Haya, njoo karibu, nikushike kichwa. Mungu akufungulie kifua na akupe maneno ya kweli. Akupe marafiki wasiojuta kukwambia siri zao. Akurefushie umri wa mama yako, akae nawe miaka ile aliyokosa kukaa na mama yake. Na ukiandika, Shamsa, ukisomwa na yeyote, dada zako na wanao, pasiwe na mtu hata mmoja atakayelia kwa kitu ambacho hakikutokea. Amin, mwanangu. Nenda ukalale.